Mgonjwa Asihukumiwe kwa Moyo Wake

Katika nyumba zetu mtu akiugua, neno la kwanza aambiwalo baada ya salamu ni hili: "Jipe moyo." Atakuja jirani, atakuja shemeji, watakuja wanajumuiya, na kila mmoja kwa namna yake atamsihi asiwe na mawazo mengi, maana mawazo huzidisha ugonjwa. Maneno hayo yatoka katika upendo, nasi hatukusudii kuyadharau. Lakini ndani yake mna swali zito kuliko lionekanavyo. Ikiwa moyo mkunjufu huleta afya, na moyo uliovunjika huleta maradhi, tutasema nini juu ya yule asiyepona? Je, amekosa ushujaa? Na akifa, je, tuseme kwamba unyonge wake ndio uliomwua?

Swali hili si la wanachuoni peke yao. Wako wagonjwa wanaolala macho usiku wakijiuliza hivyo hivyo. Yupo mama mwenye saratani ambaye, juu ya maumivu yake, amebebeshwa na aibu ya kutokuwa na moyo wa kutosha. Kwa hiyo yatupasa tuchunguze kwa utulivu: moyo wa mtu una nguvu gani juu ya mwili wake, nguvu hiyo yakoma wapi, na sisi tulio wazima tuna wajibu gani mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Moyo na mwili haviishi mbalimbali. Mwenye haya huona uso wake ukipata joto. Mwenye hofu hukaukwa na kinywa. Aliyepokea habari ya msiba huketi mbele ya chakula asiweze kumeza. Haya twayajua bila ya kufundishwa. Lakini wataalamu nao wameyapima, na waliyoyaona yastahili kusikilizwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani aitwaye Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa katika mapigano ya Italia. Aliona jambo lililomshangaza: wengi wa askari wale, ingawa walikuwa na majeraha makubwa, walipoulizwa kama wataka dawa ya kutuliza maumivu walijibu kwamba hawaihitaji. Baada ya vita aliwalinganisha na raia waliopasuliwa hospitalini, na mwaka 1956 alitangaza matokeo. Katika kila askari 100, walioitaka dawa walikuwa 32. Katika kila raia 100, walikuwa 83. Beecher alieleza hivi: kwa askari, jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani akiwa hai, kwa raia, kupasuliwa kulikuwa mwanzo wa balaa. Nyama ya mwili ilikatwa kwa wote, lakini maana ya kukatwa haikuwa moja, na uchungu ulifuata ile maana.

Mwaka 1978 watafiti wa California waliendelea mbele zaidi. Waliwapima watu waliong'olewa magego, wakawachoma sindano isiyokuwa na dawa yo yote. Baadhi yao walipata nafuu. Kisha wakapewa naloksoni, yaani dawa izuiayo kazi ya mofini mwilini, na maumivu yao yakazidi. Maana yake ni nini? Ni kwamba nafuu ile haikuwa ndoto tupu. Mwili wenyewe una kemikali zake zinazofanana na mofini, na kule kutumaini kwamba dawa imekwisha kuingia kulitosha kuziamsha.

Tena si maumivu peke yake. Mwaka 1991 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanyika Uingereza, ambamo watu wazima 394 wenye afya walikubali kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Wale waliokuwa na mahangaiko mengi katika maisha yao waliambukizwa zaidi kuliko wale waliokuwa na utulivu. Na kadiri mahangaiko yalivyozidi, ndivyo maambukizo nayo yalivyozidi. Mwaka 1995, huko Ohio katika Marekani, watafiti waliwatia kidonda kidogo mkononi wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo. Kidonda chao kilichukua siku 49 hivi kupona, na kwa wanawake wa umri wao wasiokuwa na mzigo huo kilichukua siku 39. Sababu moja ijulikanayo ni kwamba mtu akikaa katika wasiwasi muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga kwa wingi homoni iitwayo kotisoli, nayo ikizidi hudhoofisha kinga ya mwili.

Basi asemaye kwamba hali ya moyo haina kazi katika afya, huyo amekosea. Tumelikubali hilo wazi, wala hatutalirudisha nyuma.

Lakini hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wakiisha kusikia kwamba moyo una nguvu, hudhani kwamba una nguvu zote. Tuutazame ugonjwa wa pumu. Mwaka 2011 madaktari wa Boston walitangaza jaribio walilofanya kwa wagonjwa 39. Kila mgonjwa, kwa nyakati mbalimbali, alipewa dawa ya kweli ya kuvuta kwa kinywa, au kopo lisilokuwa na dawa, au sindano za uongo za namna ya Kichina, au aliachwa bila ya kitu. Walipoulizwa wamejionaje, walisema kwamba dawa ya kweli imewapa nafuu ya karibu nusu. Na lile kopo tupu nalo walilisifu karibu sawasawa. Lakini pumzi yao ilipopimwa kwa chombo, dawa ya kweli ilikuwa imeiongeza kwa 20 katika 100, na kopo tupu kwa 7 hivi tu, sawa na hali ya kuachwa bila ya tiba yo yote.

Tafakari, ndugu msomaji, hatari iliyomo humo. Mtu ajiona amepona, na mapafu yake bado yamebana. Moyo umepata faraja ya kweli, wala hatusemi kwamba mgonjwa huyo ni mwongo; lakini faraja haikuifungua njia ya hewa. Na pumu huua. Hata watafiti wa Denmark, walipokusanya majaribio 114 ya namna hii na kutangaza matokeo mwaka 2001, waliona kwamba tiba isiyo na dawa husaidia kidogo katika maumivu na katika yale ayasemayo mgonjwa mwenyewe. Katika yale yanayopimwa kwa vyombo, hawakuona nguvu ya maana.

Liko jambo jingine, nalo lahusu haki. Mara nyingi wanadamu wameulaumu moyo wa mgonjwa kwa sababu tu hawajakijua chanzo cha ugonjwa. Zamani Ulaya watu wengi waliamini kwamba kifua kikuu huwapata wenye tabia ya huzuni na roho nyepesi, mpaka Robert Koch alipowaonyesha watu wa Berlin, mwaka 1882, kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Vidonda vya tumbo navyo vilihesabiwa miaka mingi kuwa ni matunda ya wasiwasi na hasira. Mgonjwa aliambiwa apunguze mawazo, anywe maziwa, apumzike. Kumbe mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wakimchunguza bakteria aishiye tumboni, ambaye leo huitwa Helicobacter pylori. Kwa kuwa wengi hawakusadiki, Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984, na tumbo lake likavimba ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo twajua kwamba vidonda vingi vya tumbo vyatoka kwa bakteria huyo, au kwa kutumia mno dawa kama aspirini, na vile vya bakteria huponywa kwa vidonge vya majuma machache. Hata hivyo, mpaka sasa majumbani mwetu twasikia mtu akiambiwa, "Vidonda vyako ni vya mawazo." Huyo hupewa lawama mahali pa kupelekwa zahanati.

Na saratani je? Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza habari za wanawake 86 waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kuenea mwilini. Wale waliokutana kila juma kuzungumza na kufarijiana walikuwa wameishi, kwa wastani, karibu mara mbili ya wenzao. Habari hiyo ilienea ulimwenguni, na wengi wakahubiri kwamba mwenye moyo wa kupigana atashinda. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Kanada waliwafuata wanawake 235 wa hali ile ile, wakaona kwamba mikutano haikurefusha maisha. Spiegel naye, kwa uaminifu unaostahili sifa, alilipima tena neno lake mwenyewe. Na mwaka 2007 akatangaza kwamba kwa ujumla hakuona tena maisha yaliyorefuka. Mwaka huo huo watafiti wengine, waliowafuata wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, waliona kwamba hali ya moyo wa mgonjwa haikuonyesha ni nani atakayeishi na nani atakayekufa.

Lakini tusiliache upesi lile jaribio la Kanada. Wanawake waliohudhuria mikutano, hasa wale walioingia wakiwa na dhiki nyingi, walipungukiwa na huzuni na maumivu. Je, hilo ni jambo dogo? Anayelala usiku mzima akiugua kwa uchungu hatasema kwamba ni dogo. Faraja ni njema yenyewe kwa yenyewe, hata isipoongeza siku moja. Kosa letu ni kuidai faraja itoe kisichokuwa chake, kisha tukamkasirikia mgonjwa kwa kuwa haikutoa.

Nchi yetu iliyaona mambo haya kwa macho mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, ili kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa na wote Babu. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi. Hatuandiki haya ili kumsema mzee huyo, ambaye alifariki mwaka 2021, wala kuwacheka waliokwenda; mtu aliyekata tamaa ya kupona huenda po pote aonapo mlango wazi. Wengi walirudi wakisema wamepata nafuu, na baada ya yale tuliyoyasema juu ya pumu hatuna sababu ya kusema kwamba walidanganya. Lakini wako wenye virusi vya UKIMWI na wenye kisukari walioziacha dawa zao kwa sababu walijiona wazima. Kirusi hakiulizi mtu ajionaje. Wako na waliotolewa katika vitanda vya hospitali, wakafia njiani au katika mstari ule.

Katika mambo ya namna hii hutokea dhuluma moja isiyotajwa sana. Aliyepona husifiwa kwa imani yake. Asiyepona huambiwa kwamba aliamini nusu nusu. Kwa hiyo dawa haikosei kamwe. Akosaye siku zote ni mgonjwa. Ni hukumu isiyo na rufani, na anayehukumiwa hana nguvu hata ya kuketi.

Sisi twasema kwamba hukumu hiyo ni mbaya kwa sababu tatu. Kwanza, si ya kweli, kama tulivyokwisha kuonyesha. Pili, inakigeuza chanzo kuwa tokeo na tokeo kuwa chanzo. Upungufu wa damu, maumivu ya muda mrefu, kukosa usingizi, homa kali: haya yote huuangusha moyo wa mtu. Tena huzuni nzito isiyoondoka, iitwayo sonona, ni ugonjwa kamili uhitajio tiba. Kumlaumu mgonjwa kwa kuwa moyo wake umelegea ni kama kumlaumu mwenye malaria kwa kutetemeka. Tatu, hukumu hiyo hutufaa sisi wenyewe kupita kiasi. Tukiisha kusema kwamba mgonjwa hakujipa moyo, hatuna haja tena ya kujiuliza ni nani aliyechelewa kumpeleka hospitali, ni nani aliyekataa kuchanga nauli, ni nani aliyeacha kumtembelea ugonjwa ulipokuwa mrefu.

Wasomaji wetu wazijua habari za rafiki zake Ayubu. Walipomjia waliketi naye chini siku saba, wasimwambie neno, kwa kuwa waliona jinsi uchungu wake ulivyo mkubwa. Na siku hizo walikuwa rafiki kweli. Walipofumbua vinywa vyao na kuanza kumtafutia kosa, walimwongezea jeraha, na mwisho wake wao ndio waliokemewa. Wazee wetu nao wamesema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Labda mtu atatujibu: "Mkiwaondolea wagonjwa wajibu huu watalegea. Watalala wakingoja kufa, na hata dawa hawatameza." Jibu hili lina uzito, nasi twalipokea. Hatusemi kwamba mgonjwa hana fungu lake. Fungu lake ni kumeza dawa kama alivyoagizwa, kumwambia daktari ukweli wa hali yake, kukubali kusaidiwa bila ya kuona haya, na kuyatengeneza mambo yake na watu wake akiwa bado na nafasi. Na katika hayo moyo una kazi kubwa sana. Huenda hiyo ndiyo njia pana kuliko zote ambayo kwayo moyo huufikia mwili. Mwenye kifua kikuu hutakiwa ameze dawa kwa miezi sita. Mwenye shinikizo la damu, miaka na miaka. Mwenye virusi vya UKIMWI, maisha yake yote. Nani atavumilia hayo kila siku bila ya tumaini? Aonaye kwamba maisha yake yana faida kwa mtu fulani hukumbuka kidonge chake. Aliyetupwa hukisahau.

Hapa twapata kipimo cha kulipimia tumaini. Tumaini linalompeleka mtu kupimwa, likamrudisha kliniki siku ya ahadi na kumpa uvumilivu wa kumaliza dawa, hilo ni jema, nalo husaidia kuponya. Tumaini linalomwambia mtu aviache vidonge vyake, auze ng'ombe kwa ajili ya miujiza ya mitaani, au afiche uvimbe kifuani kwa kuwa kuutaja ni kukosa imani, hilo ni adui aliyevaa nguo za rafiki. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Sasa twarudi kwetu sisi tulio wazima. Ikiwa utulivu wa moyo hupunguza maumivu na kulinda nguvu za mwili, basi mzigo wa kuuleta utulivu huo ni wetu kwanza. Mgonjwa hawezi kujitengenezea amani katika nyumba yenye ugomvi, wala kuwa na moyo mkunjufu huku akiwaza ada ya shule ya watoto. Badala ya kumwambia asiwe na mawazo, tumwondolee jambo moja kati ya hayo ayawazayo. Mmoja alipe ada. Mwingine apalilie shamba lake. Mwingine amchukue mtoto mdogo kwa juma moja. Na yule anayemwuguza, ambaye mara nyingi ni mke, au mama, au binti aliyeacha shule, naye apewe mtu wa kumpokea alale. Tumeona jinsi uchovu wake unavyoingia mpaka katika vidonda vyake mwenyewe.

Wauguzi na madaktari nao wakumbuke kwamba neno lao ni sehemu ya tiba. Mgonjwa aliyefokewa dirishani pa dawa huenda asirudi tena, na ile dawa njema itabaki kabatini bila ya faida. Wala wasidhani kwamba ni lazima kudanganya ili kumtuliza mtu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston waliwapima watu 80 wenye maradhi ya tumbo lisilotulia. Baadhi yao walipewa vidonge wakaambiwa waziwazi kwamba havina dawa ndani yake. Baada ya majuma matatu, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa 59 katika kila 100, na miongoni mwa wale wasiopewa vidonge, 35. Maradhi yale si ya kuua, wala hatutaki kulikuza jambo hili kupita mpaka wake. Lakini latufundisha kwamba kusikilizwa na kushughulikiwa kwa ukweli kwaweza kuleta nafuu. Ukweli na faraja vyaweza kukaa katika chumba kimoja.

Basi juma hili, mwenye ndugu hospitalini au nyumbani aende kumwona. Asiende na mahubiri ya ushujaa. Amwulize amelalaje, ni wapi panapouma, dawa zimebaki ngapi, ni lini siku ya kurudi kliniki, na nani atamsindikiza. Kama mgonjwa ataka kucheka, wacheke pamoja. Kama ataka kulia, asikatazwe. Na ikiwa ugonjwa huo hautapona, basi afe akijua kwamba hakumkosea mtu ye yote kwa kuugua, na kwamba waliomzunguka hawakuwa wakimpima.